Mzigo Unapita, Mtu Hapiti

Terttu Lantto hakuwa mtu wa kupendeka, na wala hakuwahi kumwomba mtu ampende. Alipokuwa mpishi wa shule, watoto walimaliza supu ya njegere si kwa njaa bali kwa kumwogopa. Alipofiwa na mumewe Sixten, mchungaji alikwenda kumfariji akatoka na ndoo ya majivu mkononi, ametumwa akaimwage nyuma ya nyumba. Wanakijiji wakasema yule mama ana mdomo wa msasa. Yeye akasema msasa ndio unaolainisha mbao.

Alizaliwa Korpiniva ya mashariki, upande wa Wafini, akaolewa Korpiniva ya magharibi, upande wa Waswidi. Kijiji ni kimoja, jina moja, lugha moja ya nyumbani. Mto tu ndio umepita katikati, na wakubwa wa zamani wakaamua bila kumuuliza mtu kwamba mpaka nao upite humo humo. Watu hawakuutilia maanani. Mto ukiganda ni barabara, ukiyeyuka kuna makasia, na mwenye gari ana daraja. Kanisa liko huku, duka zuri liko kule. Mtu aliweza kuvuka kwenda kuoga sauna, chumba cha mvuke wa moto, kwa binamu yake na kurudi kwake nywele zimeganda kichwani, asihesabu kwamba ametoka nje ya nchi. Kusafiri lilikuwa neno la watu waendao Uhispania.

Kutoka dirisha la jiko lake Terttu aliiona nyumba aliyozaliwa, nyekundu, juu ya ukingo wa pili, na chini yake, karibu na maji, kibanda cheusi cha sauna. Kila Jumamosi alipoona moshi unaanza kupanda pale, alitoa potkuri yake, kile kiti cha mbao kilichopandishwa juu ya vyuma viwili virefu, akasimama nyuma yake, akajisukuma kwa mguu mmoja juu ya barafu hadi ng'ambo. Alikuwa anakwenda kumwosha mama yake.

Mama yake, Hilma, alikuwa amepita miaka tisini. Macho yamekwisha, masikio yamebaki nusu, mdomo mzima. Ukitaka kujua Terttu aliutoa wapi ulimi wake, usiende mbali. Na bibi huyo alikubali kuoshwa na mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo hakuwa Irja.

Irja ndiye mdogo wake Terttu, muuguzi mstaafu, ambaye hakuolewa na hakuhama. Irja ndiye aliyepika, aliyelisha, aliyebadilisha mashuka, aliyekata kucha, aliyemgeuza mama kitandani ili mgongo usichubuke. Ikifika Jumamosi, Hilma aliusukuma mkono wake. "Mikono yako baridi kama samaki," alisema. "Niitie Terttu." Basi Terttu aliingia na theluji yake miguuni na sabuni yake ya lami ya misonobari mfukoni, akamwosha mama, akampiga mgongo taratibu kwa fagio la matawi, kama ilivyo desturi ya sauna, akanywa kahawa yenye vipande vya jibini la kuoka, akaondoka. Siku sita Irja alikuwa mtumishi, ya saba aliletewa malkia. Terttu alilijua hilo na, tusifichane, alilifurahia. Mara nyingine akiwa mlangoni alimuuliza mdogo wake, kwa sauti ya kusikika na mama, kama samaki wamelala salama.

Hivyo ndivyo walivyokuwa ndugu wale wawili kabla ya korona. Ugonjwa haukuwagombanisha. Uliwakuta tayari, ukawapa silaha.

Wakati wa kiangazi, chanjo zilipofika, Terttu alipata dozi ya kwanza kwenye zahanati ya upande wake. Wiki zilipotimia kwa dozi ya pili, Irja akampigia simu. Alikuwa amerudishwa kazini kuwachanja wazee majumbani, na siku hiyo alikuwa amemchanja mama.

"Kuna tone limebaki kwenye kichupa," Irja alisema. "Ikifika jioni linamwagwa. Unakuja, huji?"

Kwa watu wa Korpiniva, kumwaga kitu kizima ni dhambi iliyo karibu na uuaji. Hawa ni watu wanaochemsha vichwa vya samaki mara mbili. Terttu akapiga makasia, akaketi jikoni kwa mama, akakunja mkono wa blauzi, na Irja akamdunga. Kisha Irja akafungua kompyuta yake kuandika, na kompyuta ikataka namba ya raia wa upande ule. Terttu aliiacha namba hiyo alipoolewa, zamani sana.

"Haikubali," Irja alisema.

"Basi iache. Bega langu limekubali."

"Haya. Mto ni mmoja." Irja akaifunga kompyuta, wakanywa kahawa. Hakuna mtu wa mahali pengine ambaye angefanya kosa lile. Wao walilifanya bila hata kujua kwamba ni kosa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafundisha kwamba bega la mtu linaweza kuwa nusu huku na nusu kule.

Majira ya baridi ugonjwa ukarudi na sura mpya, na sheria ikarudi nao. Sasa anayevuka aonyeshe cheti, kile chenye mraba wa madoadoa meusi, kwenye simu au kwenye karatasi, kisomwe na mashine. Wakaweka kibanda upande wa mashariki wa daraja, na ndani ya kibanda, koti la njano, barakoa, kifaa cha kusomea mkononi, wakamweka Irja. Walitafuta wauguzi wastaafu wenye roho ngumu, na kwa hili la roho ngumu walipata mtu.

Jumamosi ya kwanza Terttu alikwenda kwa miguu darajani, kwa kuwa askari wa mpaka walikuwa wakizunguka mtoni na pikipiki za theluji kuwarudisha wanaopita barafuni. Alikuwa na karatasi aliyopewa na zahanati yake. Hakuwa hata ameisoma.

"Jina?" Irja akauliza.

"Umeanza lini kunisahau?"

"Jina, mama. Kuna watu nyuma yako."

"Terttu. Dada yako. Niliyekufundisha kufunga kamba za viatu, na mpaka leo huzifungi vizuri."

Irja akaelekeza kifaa kwenye karatasi. Taa ikawaka nyekundu.

"Una dozi moja. Zinatakiwa mbili."

"Ninazo mbili."

"Mashine inasema moja."

"Mashine haikuwepo jikoni kwa mama. Wewe ulikuwepo. Sindano umeishika wewe, bega nimetoa mimi. Waambie."

Kando ya kibanda alisimama kijana wa mpaka, bunduki begani, macho kama ya ndama. Irja akamtazama kijana, akatazama foleni, akarudisha macho kwenye kifaa chake. Kuchanja mtu bila kuandika ni jambo ambalo muuguzi hasamehewi.

"Mimi sikumbuki kitu kama hicho," alisema.

Nyuma, mwanamume mwenye katoni ya bia alicheka. "Bibi, si umwombe akudunge tena hapo hapo? Sisi tunageuka tusione."

"Wewe geuka tu," Terttu akamjibu, "mbele hapatazamiki." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Irja. Mama ananingoja. Leo Jumamosi."

"Najua leo ni siku gani. Toka kwenye foleni."

"Na atakayemwosha ni nani? Wewe?"

Irja alinyoosha mkono wenye glavu kuelekea mfuko ambao Terttu alikuwa ameushika. "Kuna nini humo?"

"Sabuni yake. Na jibini."

"Lete. Mzigo unapita," Irja akasema. "Mtu hapiti."

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, lakini ule msumeno wa darajani Terttu aliuona unakata upande mmoja tu, na mpini wake umeshikwa na mdogo wake. Alitupa mfuko mezani, akageuka. Kijiji kizima kilikuwa kimepata habari kabla hajafika kwake. Hakuna aliyeingilia. Wazee wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Watu wa Korpiniva walikosa pa kulima kwenye theluji ile, lakini kila mmoja alijipatia shughuli.

Jumatatu alikwenda zahanati kuwafokea. Muuguzi wa pale, msichana mwenye subira, alimweleza kwamba kompyuta ya upande huu haioni ya upande ule, na kwamba njia rahisi ni adungwe nyingine, cheti kitajaa.

"Hiyo itakuwa ya tatu."

"Kwenye mashine itakuwa ya pili."

"Mwilini mwangu itakuwa ya tatu. Mimi si ng'ombe wa kupigwa chapa mara mbili kwa sababu wachungaji hawaongei."

"Mama, ni kwa faida yako. Haina madhara."

"Kusema uongo nako hakuna madhara? Nikikubali kudungwa, nimekubali kwamba yule mwongo anasema kweli."

Akaondoka. Kosa hili lilikuwa lake mwenyewe, hakusukumwa na mtu. Angekubali siku ile, baada ya wiki chache angepita darajani amenyanyua kidevu. Lakini kiburi chake alikiona kikubwa kuliko njia.

Wiki zikapita, na kitu kimoja kikaanza kumtafuna. Kila Jumamosi, saa ile ile, moshi ulipanda kutoka sauna ya ng'ambo. Terttu alisimama dirishani na kikombe chake, akiutazama. Sauna inawashwa, basi mtu anaoshwa. Anaoshwa na nani? Mama hawezi kukubali mikono ya Irja, hajaikubali hata siku moja. Basi analazimishwa. Terttu akamwona mama yake kichwani mwake, mifupa mitupu, amekamatwa mikono na yule muuguzi, anasuguliwa kama sufuria huku anapiga kelele zisizosikika ng'ambo. Alimpigia Irja simu, Irja hakupokea. Alipiga tena, ikakatwa.

Aliyempigia yeye ni Alpo, jirani wa upande ule, ambaye alikaa na mama saa ambazo Irja yuko darajani.

"Sipendi kuingilia," Alpo akasema, kama wanavyosema wote wanapoingilia. "Lakini mama yako hali chakula tena. Kahawa anakunywa kwa kijiko. Sidhani kama ataliona jani la kwanza la mwaka huu."

"Jumamosi anaoshwa?"

"Anaoshwa."

"Na nani?"

"Irja. Nani mwingine?"

"Anapiga kelele?"

"Sijui, Terttu. Siku ya sauna Irja ananifukuza. Anasema niende kwangu na nisichungulie."

Terttu alikata simu bila kuaga. Mtu anayefukuza shahidi ana jambo la kuficha, hata mtoto anajua hivyo. Akameza kiburi chake, kikashuka kama mfupa wa samaki, akaenda zahanati kuomba sindano. Msichana wa subira akaangalia kompyuta, akasema kwamba sasa foleni ni ndefu, nafasi ni mwezi ujao. Akampa barua ya miadi. Terttu akaichukua barua hiyo hadi darajani, siku ya Ijumaa, upepo unapiga sawasawa.

"Hii ni barua," Irja alisema. "Si cheti."

"Mama anakwisha."

"Unamwambia nani? Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Mimi ndiye ninayehesabu pumzi zake."

"Basi nipitishe, mara moja. Niweke karantini, nifunge kwenye ghala la viazi, sitasema neno. Nipitishe."

Irja alikuwa amekonda. Juu ya barakoa macho yake yalikuwa mekundu, na kwa muda Terttu alidhani atalegea. Badala yake aliuliza jambo la ajabu.

"Sabuni umeleta?"

"Nini?"

"Ile ya lami. Iliyokuwepo imekwisha."

Terttu akahisi damu inampanda. "Hupati. Najua unachomfanyia. Unamfukuza Alpo, unafunga mlango, unamwosha kwa nguvu mtu asiyeweza kujitetea. Hata kwenye kazi yako ndivyo ulivyokuwa, mikono baridi, moyo baridi. Mungu anakuona, na mimi nakuona, nina dirisha."

Foleni yote iliinama kutazama viatu. Hata yule kijana mwenye macho ya ndama aliangalia pembeni. Irja akaweka kifaa mezani, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ondoka darajani, dada," alisema. "Ondoka kabla sijamwambia kijana akuondoe."

Usiku Terttu alilala na hasira yake kama mtu anavyolala na jino linalouma. Asubuhi akachukua kipande kipya cha sabuni ya lami, akakitia mfukoni, akaketi dirishani kungoja moshi.

Ulikuwa mwisho wa baridi. Barafu ilikuwa imebadilika rangi, kijivu, na juu yake palikuwa na vidimbwi. Mtu mwenye akili haendi juu ya barafu ya namna hiyo. Moshi ulipopanda, Terttu aliburuta potkuri hadi ukingoni, akapanda.

Alijua njia, aliijua kuliko ngazi za nyumba yake. Ukae mbali na jiwe kubwa, kwa kuwa mkondo unatafuna barafu kwa chini. Upite upande wa juu wa mto, kisha ukate kushoto. Alisukuma kwa mguu, maji yakirukia soksi. Katikati ya mto akasikia mngurumo. Pikipiki ya theluji ilikuwa imesimama ukingo wa mashariki, na juu yake yule kijana wa darajani.

"Bibi! Rudi!"

"Njoo unirudishe!"

Kijana akaisogeza mashine hatua mbili barafuni, barafu ikalia mlio mrefu, akairudisha nyuma haraka. Barafu ile ilimbeba bibi, haikutaka mashine. Akabaki pale akimfuata kwa macho huku akitafuta daftari lake la faini. Terttu aliogopa, na kwa kuwa hakuzoea kuogopa alitukana njia nzima, akilitukana jiwe, mkondo, kijana, kompyuta za nchi mbili, na zaidi ya vyote mdogo wake, mpaka vyuma vikagusa nchi kavu.

Hakupanda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha sauna, akafungua mlango wa nje polepole, akaingia kwenye kile chumba kidogo cha kuvulia nguo. Alikuwa amepanga maneno yake yote. Alitaka kumfumania. Akaweka sikio kwenye mlango wa ndani ili asikie kelele kwanza.

Hakukuwa na kelele. Kulikuwa na sauti ya maji yakimiminwa kwa upole, na harufu ya lami.

"Leo mikono yako ina moto, Terttu," mama yake akasema huko ndani.

Terttu akabana sikio zaidi mlangoni.

"Nimeipasha, mama," sauti ikajibu. Ilikuwa sauti ya Irja, lakini imeshushwa chini, imekwaruzwa, na maneno yakivutwa mwishoni jinsi wanavyovuta watu wa magharibi. "Barafu leo ni ya kishetani. Nimekuja nikitukana mpaka kwenye gati."

Bibi akacheka, kicheko kikavu kama majani. "Wewe hubadiliki. Na yule mwingine yuko wapi?"

"Yuko darajani."

"Kusimamisha watu. Kazi imempata mwenyewe. Hata alipokuwa mtoto alisimama mlangoni kuzuia paka. Usimwache aingie humu, Terttu. Analeta baridi."

Maji yakamiminwa tena.

"Haingii, mama," Irja akasema.

Terttu aligeuza macho. Kwenye msumari ambako sweta lake la kijani lilikuwa likining'inia miaka yote, hapakuwa na kitu. Lilikuwa limewekwa juu ya benchi, limelowa mikono, limevaliwa na kuvuliwa sasa hivi, la kupapaswa na mama asiyeona. Karibu nalo palikuwa na glavu za mpira, zimetupwa. Kila kitu kikajipanga chenyewe: kwa nini Alpo alifukuzwa, kwa nini sabuni ilitakiwa, kwa nini mtu hakupita na mzigo ukapita. Irja alimzuia darajani kwa kuwa sheria ilisema, ndiyo, na kwa kuwa alikuwa na kinyongo cha miaka, ndiyo hiyo pia. Lakini alimzuia zaidi kwa sababu Terttu mmoja alikuwa tayari amekwishapita.

Hasira yake ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. Jina langu, alisema moyoni, amelivaa pamoja na sweta. Hasira ya pili ilikawia kidogo, na hii haikujua imwendee nani. Mwanamke wa umri wa Irja, aliyemlisha mama yake kwa kijiko kila asubuhi, alilazimika kuiba jina la mtu ili aruhusiwe kumgusa. Na Terttu alikuwa amecheka habari za samaki mlangoni pale, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Akafungua mlango.

Mvuke ulimpiga usoni. Mama alikuwa ameketi kwenye ubao wa chini, mdogo kuliko alivyomwacha, mweupe, ametulia kama mtoto aliyeshiba. Irja alikuwa amepiga magoti mbele yake, miguu ya mama mapajani, kipande cha sabuni kisichozidi ukucha kati ya vidole. Akainua macho. Yalikuwa na chuki tupu, na chini ya chuki woga mkubwa ambao Terttu hakuwahi kuuona kwake. Hakuomba. Alingoja tu.

"Nani huyo?" Hilma akauliza. "Nani kafungua mlango?"

Ilitosha kusema maneno matatu. Ni mimi, mama. Alikuwa amevuka barafu kwa ajili ya maneno hayo.

"Ni Irja," Terttu akasema. "Nimeleta sabuni."

"Si nimesema asiingie? Funga mlango, baridi hiyo! Wewe tangu kuzaliwa ni baridi tu."

Terttu akafunga. Akampa Irja sabuni, na vidole vyao havikugusana.

"Umekuja kusimama?" mama akaendelea. "Tia kuni. Si hivyo, unaziba moshi. Miaka yote humu ndani na hujui kutia kuni. Mwenzio anavuka mto, anafanya kazi moja, anaifanya sawasawa. Wewe ukipita kila kitu kinapoa."

Hakuna mtu aliyewahi kusema naye hivyo, si mumewe, si mchungaji, si mwalimu mkuu. Terttu alikitia motoni kijiti cha kuni alichoshika, polepole, asizibe moshi. Alijiuliza mtu anasikiaje hayo asubuhi, na mchana, na jioni, kisha anamkoroga uji aliyeyasema.

"Mwache, mama," Irja akasema kwa ile sauti ya kukwaruza, bila kuinua kichwa. "Huyo ndiye anayekulisha."

"Anakuja kujisifu kwako?"

"Hajisifu. Ni mimi nasema. Ilibidi niseme zamani."

Bibi akajipangusa uso. Maji yalidondoka kutoka nywele zake chache.

"Unadhani sijui anayenilisha?" alisema. "Kijiko nakijua. Lakini mtu ukizeeka lazima uwe na wa kumfokea. Wewe nikikufokea utavuka mto usirudi. Yule hana pa kwenda. Yule namfokea kwa raha zangu." Akanyoosha mguu wa pili uoshwe. "Irja! Maji juu ya mawe, umelala?"

Terttu akachota maji, akamwagia mawe. Mvuke ukapanda mpaka hakuna aliyemwona mwenzake, na kwa hilo wote wawili walishukuru.

Baadaye wakamvika mama blanketi, Irja akatoka mlangoni kupata hewa, sweta la kijani mwilini. Kijana wa mpaka alikuwa amesimama kwenye gati, daftari mkononi, anaona haya kuwakaribia wanawake waliotoka kuoga.

"Bi Irja," akasema, "lazima nimwandike. Amevuka pasiporuhusiwa. Na ana dozi moja."

Terttu alitoka nyuma yake, uso mwekundu, akafungua kinywa. Irja akamtangulia.

"Ana mbili," alisema. Alikuwa anaangalia mto. "Ya pili nimemdunga mimi mwenyewe, kiangazi, jikoni kwetu, na sikuiandika mahali popote. Liandike hilo. Jina langu unalijua."

"Bi Irja, nikiandika hivyo, kazi yako..."

"Nimesema andika. La barafuni mwandike pia, hilo amelifanya."

Kijana akaandika yote mawili, kalamu ikimgoma kwa baridi. Kisha akaenda kwenye mashine yake. Ndugu wawili walibaki wamesimama, bega kwa bega, kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba.

"Usinishukuru," Irja akasema.

"Sikuwa na nia."

"Na sweta sikurudishii."

"Linakubana."

Ndani mama akagonga ubao kwa kiganja. "Irja! Mlango uko wazi, baridi inaingia!"

Irja alishtuka kwa mazoea, akageuka. Terttu akamshika mkono wa sweta, akamwacha nje apate hewa, akaingia kuufunga mlango yeye.